Mboni Anakusalimu Sana

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Machi 1975

Kaka yangu Shaibu,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeshakula, maana nina maneno mengi na wewe ukisoma na njaa unaruka mistari. Sisi huku wazima. Shemeji yako Kitwana yuko bandarini bado, anarudi mgongo unamuuma na mkandaji ni mimi. Mimi nashona palepale barazani kwa Mzee Eliakimu, yule Mchaga wa Machame mwenye duka la vitambaa. Mwezi huu ni sare za shule tu, kaptula za kaki mpaka naziota. Soko jipya wanalimalizia, na vumbi lake lote linaishia kwenye kazi yangu.

Sasa nakuja kwa Mboni.

Mwezi wa pili huu tangu jirani yenu Mama Evarista anishushie mwanangu stendi, na hajatamka neno. Si mama, si maji, si sitaki. Mama Evarista aliniambia safari imemchosha. Nikasema sawa, kwa barabara ile hata mtu mzima hunyamaza. Wiki ikapita. Nikasema anamlilia bibi yake, maana mama ndiye aliyemlea na kifo chake bado kibichi. Mwezi ukapita. Nikasema labda anajua Kimakua tu, nikamsemesha Kimakua chote ninachokikumbuka, yeye anatazama gurudumu la cherehani. Hanitazami machoni, kaka. Nikimkumbatia anakakamaa. Vifungo vyangu anavipanga sakafuni mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, na nikikisogeza kimoja kwa mguu hulia mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini.

Nilimwacha kwa mama akiwa na mwaka na nusu, nilipomwachisha ziwa, kama wengi wetu tulivyolelewa na bibi mzaa mama. Miaka mitatu na zaidi sikuja kumwona, na sababu unazijua, zile mimba mbili zilizoharibika na kulazwa kule. Lakini barua zako ninazo zote, na ni wewe uliyeniandikia kwamba mtoto anasema. Basi niambie, alikuwa akisema maneno gani? Aliugua? Alianguka?

Kitwana anataka tumpeleke kwa mganga mmoja wa Mbagala. Mke wa Mzee Eliakimu, Mama Elieshi, ni nesi, naye anasema twende hospitali, yuko daktari anayepima watoto wa namna hii. Wewe ndiye mjomba, na kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Sitampeleka popote mpaka uniruhusu.

Mdogo wako,
Zamzam


Kijiji cha Ujamaa Namkongo,
S.L.P. 12, Masasi.
4 Mei 1975

Mpendwa mdogo wangu Zamzam,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 9 Machi nimeipokea tarehe 28 Aprili, kwa kuwa Rufiji ilifurika na kivuko cha Ndundu kilisimama. Kwa hiyo usidhani nilinyamaza kwa makusudi. Hali za hapa ni nzuri. Kijiji kipya kimetulia, sasa tuko kaya mia mbili na kumi, nami bado ni katibu. Darasa la kisomo cha watu wazima nalifundisha mimi pia kila jioni, wazee thelathini na mmoja wanaojifunza kuandika majina yao. Shule imepata mabati. Mikorosho tumeipalilia yote. Kaburi la mama nimelizungushia mawe, na mvua zikikatika nitalisakafia.

Kuhusu Mboni, ruhusa nakupa. Mpeleke hospitali, kwa mganga usimpeleke. Ila usiwe na haraka, wapo watoto wanaochelewa. Huku alikuwa mtoto mtulivu, anakula vizuri, hana matata na mtu. Akifika mji mkubwa ghafla lazima ashangae kidogo.

Msalimu shemeji. Wifi yako anakusalimu, watoto wote wanakusalimu, mwenyekiti wa kijiji anakusalimu, shehe wa msikiti anakusalimu, na majirani wote wa zamani na wapya wanakusalimu sana.

Ndimi kaka yako,
Shaibu


Kariakoo,
8 Juni 1975

Kaka Shaibu,

Shikamoo. Mabati hongereni, mikorosho hongereni. Ukurasa mzima nimesoma, na swali langu halimo. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio, ukubwa wako nao ukae pembeni.

Sisi hatujambo. Mama Elieshi amefanya kazi ya ndugu, maana alitupangia siku na akatusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari. Anaitwa Dokta Aristides, Mhaya, kasoma ng'ambo, mpole, anakaa chini sakafuni na watoto kwa suruali yake safi. Tulikwenda mara tatu. Kwanza masikio. Alipiga sinia nyuma ya kichwa cha Mboni kwa kijiko, mimi nikaruka, yeye hata ukope haukucheza. Kitwana akaninong'oneza kwamba basi ni kiziwi, ameshajua. Halafu daktari akafungua peremende mfukoni mwake polepole, ile karatasi yake tu, na Mboni akageuka palepale. Daktari akacheka, akaandika. Akampa wanasesere, akawapanga. Akampa vibao, akavipanga. Akajificha nyuma ya pazia akamwita jina lake, hakumtafuta.

Halafu akanigeukia mimi. Alitembea lini? Neno la kwanza lini? Alikuwa akinyoosha kidole kuonyesha kitu anachokitaka? Alikuwa akikuletea kitu ukione? Kaka, nilikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyeiba mtoto. Mimi ndiye mama, na zaidi ya kutembea sikuwa na jibu hata moja. Akaniuliza pia kama kuna mwingine wa hivi katika ukoo, nikasema hapana.

Nikakumbuka barua zako. Ziko kumi na nne, nimezitunza kwenye kopo la biskuti tangu nilipoondoka huko. Safari ya tatu nikampelekea zote. Alizisoma moja moja na kalamu mkononi. Ya mwaka sabini na mbili, mwezi wa tisa, umeandika, "Mboni anakusalimu sana, anauliza mama atakuja lini." Ya mwaka uliofuata umeandika anamwimbia bibi yake. Nikamwona daktari anakata maneno aliyokuwa ameyaandika mwanzo. Akavua miwani, akasema, "Mama Mboni, mtoto anayeuliza mama atakuja lini ana lugha tayari. Kama leo hana, basi kuna kitu kimemnyang'anya."

Anasema nilipomweleza mara ya kwanza alidhani ni jambo lingine, la kuzaliwa nalo, lakini kwa barua hizi haliwezi kuwa hilo. Labda homa iliingia kichwani. Labda kipigo. Anataka alazwe, achomwe sindano ya mgongoni, watoe maji ya uti wa mgongo wayapime. Akauliza nyumbani anakaa na nani, na kama kuna mtu anayempiga. Kitwana akajibu mbele ya manesi kwamba mtoto alikuwa akiongea kwa bibi yake, sauti yake imepotelea mikononi mwa mama yake. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja bila kujua ninakokwenda, mtoto nimemshika mkono.

Kaka, nakuuliza kitu kimoja tu. Mboni aliacha kusema mwezi gani? Daktari ameniambia hilo ndilo litakaloamua yote.

Zamzam


Namkongo, Masasi,
27 Juni 1975

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu gari la posta linaondoka.

Tarehe siikumbuki. Tulikuwa katika kuhama, mambo yalikuwa mengi. Mwambie daktari labda ilikuwa homa. Hiyo sindano ya mgongo usikubali, nimesikia inalemaza. Na sikufurahi kusikia kwamba barua zangu umempa mtu baki azisome kwa kalamu. Zile zilikuwa barua za nyumbani, hazikuandikwa kwa ajili ya hospitali.

Nakutumia korosho kilo mbili. Wote wanakusalimu.

Shaibu


Kariakoo,
13 Julai 1975

Kaka,

Shikamoo. Korosho zimefika, ahsante. Sikuzila.

Kitwana amehamia kwa mama yake Buguruni. Hakunipa talaka, amesema tu kwamba hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemharibia mwanawe, na kwamba daktari akithibitisha atakuja kumchukua Mboni. Sindano imepangwa tarehe 18 Agosti. Dokta Aristides haipendi. Alisema kama angekuwa na hakika kwamba mtoto hakuwahi kusema asingemgusa.

Jumatano Mama Evarista alikuja mjini tena, akapita barazani kununua vitenge. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamuuliza njiani Mboni alisema nini. Akasema hakusikia neno. Nikamuuliza, na kabla ya safari, huko kijijini? Akashika kikombe akatazama chini. Akasema ni wewe uliyemwagiza aniambie kwamba safari imemchosha. Nilijiuliza siku nyingi kwa nini mjomba mtu hakumleta mpwa wake mwenyewe, akamkabidhi jirani. Sasa naanza kujijibu.

Na lingine. Niliposema hospitalini kwamba hakuna mwingine katika ukoo, niliporudi nyumbani kitu kikanirudia. Nilikuwa mdogo sana. Kuna mtu alikuwa akikaa nyuma ya jiko letu, kijana mdogo kuliko wewe, akipanga mabunzi ya mahindi. Nilimuuliza mama siku moja, akaniambia ni mtoto wa jirani. Jirani gani, kaka?

Sasa nikuambie kitu ambacho Kitwana hakijui. Nilimpiga. Mwezi wa pili, siku Kitwana yuko kazini, nilifunga mlango nikamwambia sema mama, uliwahi kusema, sema. Nikampiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Hakukimbia wala hakunitazama. Aliokota vipande viwili vya mwiko akavipanga, kirefu na kifupi. Nilimpiga kwa sababu barua zako zilisema anajua, nikaamini ananinyima mimi.

Heshima yako iko palepale, wewe ni mkubwa wangu na sasa ndiye mzazi wangu. Lakini sikuombi tena. Sema.

Zamzam


Namkongo, Masasi,
3 Agosti 1975

Zamzam,

Sitaanza na salamu. Utaona kwa nini.

Mboni hakuwahi kusema. Hakuwahi kuniambia neno, wala mama, wala mtu yeyote wa huku. Yale yote niliyoandika niliyatunga.

Unajua salamu za mwisho wa barua. Nawaandikia watu barua tangu niko darasa la sita. Mtu akishamaliza maneno yake namuuliza, nani wanasalimu? Anasema, weka wote. Naweka wote. Mtoto wa siku tatu anasalimu. Mgonjwa asiyejitambua anasalimu. Hakuna anayekwenda kuwauliza, na barua isiyo na salamu za watu wote kwetu ni barua ya msiba au ya ugomvi. Basi katika barua ya kwanza nilimweka Mboni kama ningemweka yeyote. Nikaandika anakusalimu sana. Ukajibu kwa furaha, ukaniuliza amesemaje. Hapo ndipo nilipaswa kunyooka. Nikaandika, amesema mama. Ukatutumia khanga kwa furaha hiyo, moja ya mama, moja ya wifi yako. Baada ya hapo kila barua nilimwongezea neno, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili lazima awe na zaidi ya mtoto wa mwaka mmoja. Nilijiambia kesho ataanza kusema na uwongo wangu utakuwa kweli. Nilimkuza kwenye karatasi, na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu kimya.

Mama alijua kabla yangu. Alisema, usimwambie Zamzam, ndoa yake changa na mimba zinamtoka, atakufa kwa mawazo. Nilimtii. Lakini sitamtwika marehemu mzigo wangu. Kalamu niliishika mimi.

Yule wa nyuma ya jiko anaitwa Mfaume. Si mtoto wa jirani. Ni ndugu yetu wa tumbo moja, alinifuata mimi. Hakusema, hakutazama mtu, alipanga mabunzi. Akiwa na miaka tisa, siku moja zamu ya kumwangalia ilikuwa yangu nami nikaenda kucheza mpira. Niliporudi hakuwapo. Tulimtafuta siku kumi na moja. Baba akakataza jina lake lisitajwe, nawe ulikuwa na miaka minne, ukasahau. Mboni alipotimiza miezi mitatu tu tangu afike kwetu, alipanga korosho kwenye jamvi kuanzia kubwa kwenda ndogo. Nilijua siku hiyo. Kila nilichokuandikia baadaye nilikiandika nikijua. Na sikumleta mwenyewe kwa sababu ungeniangalia usoni mara moja tu ungejua.

Mpe daktari haya, ni ya kweli, nimeapa. Kutembea, alitembea vizuri, ulimwacha anatembea. Kidole hakunyoosha kamwe. Akitaka maji alimshika bibi yake mkono kwenye kiganja, akauburuta mpaka kwenye mtungi, bila kumtazama. Hakuniletea kitu chochote nikione. Aliimba kwa pua bila maneno, wimbo uleule, asubuhi hadi jioni, ndio ule wimbo niliokuandikia kwamba anamwimbia bibi. Hakuugua homa kubwa. Hakuanguka. Mwaka jana tulipohamishiwa kijiji kipya alilia siku sita. Siku ya saba akatoweka. Mimi nilikimbia kama kichaa nikiita jina la Mfaume, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Tulimkuta maili nne, kwenye kiwanja chetu cha zamani. Nyumba ilikuwa imekwisha kubomolewa. Alikuwa amekaa chini mahali palepale palipokuwa kitanda chake, ametulia kabisa.

Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Hukumharibu. Mwambie Kitwana asome mwenyewe, mkono ni wangu na jina ni langu.

Posta haitawahi tarehe 18. Nampa Filbert, dereva wa lori la korosho, anaondoka leo.

Shaibu


Kariakoo,
24 Agosti 1975

Kaka,

Lori la Filbert lilivunjika ekseli kabla ya Ndundu. Barua yako imefika tarehe 20. Sindano ilikuwa tarehe 18.

Walihitaji watu wanne wa kumshika. Mmoja wao ni mimi. Alilia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, halafu akanyamaza akaanza ule wimbo wa pua, nami sikujua kwamba ni wimbo, nilidhani anakata roho. Maji yake yalikuwa safi. Hawakuona kitu.

Nilimpelekea Dokta Aristides barua yako tarehe 21. Aliisoma mara mbili. Alipofika pale pa kiganja na mtungi akagonga meza kwa kidole. Akatoa lile faili, akachana ukurasa, akaandika upya. Akasema, "Huyu hajapotea popote. Amekuja hivi." Jambo lenyewe lina jina la kigeni, otizimu, anasema Kiswahili bado hakijalipa jina. Halina dawa. Si homa, si uchawi, si mimi kumwacha, wala si mwiko, nilimweleza na mwiko. Kuna vitabu vya huko ng'ambo, anasema, vinavyomlaumu mama kwamba hakumpenda mtoto, naye havisadiki. Akasema katika watoto wote aliowapima hapa, hakuna mzazi aliyewahi kumletea maelezo ya kweli na ya wazi kama yale ya kwako. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Atafundishwa polepole, kitu kimoja kwa mwezi. Shule ya watoto kama yeye daktari haijui iliyo karibu. Tutaanza na mkono na mtungi, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akizungumza siku zote, daktari ndivyo alivyosema.

Kitwana alisoma barua amesimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alipomaliza akakaa kwenye kizingiti. Akauliza, "Mfaume mlimtafuta siku ngapi?" Nikamwambia imeandikwa, kumi na moja. Akasema alinisema vibaya mbele ya watu na mbele ya watu atayafuta. Jana alikwenda hospitali akamwambia nesi mmojammoja. Nguo zake zimerudi.

Wewe sijakusamehe. Nakuambia wazi ili usije ukajiandikia mwenyewe kwamba nimekusamehe. Nimelia kwa ajili ya Mfaume, nimelia kwa ajili yako ukiwa mtoto unakimbia kurudi kutoka mpirani. Lakini mgongoni mwa mwanangu kuna alama ya sindano, na kila nikimwogesha naiona.

Zamzam


Namkongo, Masasi,
12 Oktoba 1975

Zamzam,

Barua yako nimeisoma, na sina la kujitetea.

Wanaokusalimu ni wawili. Wifi yako nilimuuliza akiwa anapepeta unga, akasema, "Mwambie namsalimu, na nimemwonea aibu mume wangu." Wa pili ni Mzee Benjamini wa darasa la kisomo. Ameshinda mtihani, na jina lake hapo chini ameliandika kwa mkono wake. Wengine sikuwauliza.

Darasani siku hizi mtu akisema weka wote, namwambia nenda kawaulize kwanza. Wananiona nimekuwa mkorofi.

Jina la Mfaume nimelitaja msikitini Ijumaa iliyopita, tukamsomea dua. Sikujua kama ningeweza kulitamka. Nililitamka.

Ninaomba jambo moja. Ukiniandikia, usiniandikie kwamba mtoto ananisalimu. Niandikie alichokifanya.

Shaibu

BENJAMINI


Kariakoo,
14 Desemba 1975

Kaka Shaibu,

Shikamoo. Nimekawia, na nilikawia kwa makusudi. Mimi mzima. Mzee Benjamini mpe hongera, herufi zake zimenyooka kuliko zako.

Soko jipya limefunguliwa wiki iliyopita, Kariakoo nzima imevaa nguo za sikukuu. Nilimpeleka Mboni asubuhi kabla watu hawajajaa. Hakutazama watu wala bidhaa. Alilala chali sakafuni katikati ya njia, akatazama zile nguzo za zege zinavyofunguka juu kama miavuli, moja baada ya nyingine, zote sawasawa. Wachuuzi wakaanza kuuliza mtoto ana nini. Kitwana akalala chini kando yake, na sare zake za bandari. Watu wakatucheka, wakatuzunguka, wakapita. Tulikaa pale saa nzima.

Mwezi uliopita alinishika kiganja, akaniburuta mpaka kwenye mtungi. Si bibi yake, ni mimi. Nilimpa maji, nikaenda nyuma ya duka la Mzee Eliakimu nikalia mpaka Mama Elieshi akanifuata. Hicho ndicho alichokifanya. Sijaongeza neno.

Umesema nisiandike kwamba anakusalimu. Hakukusalimu. Nilimtajia jina lako mara tatu leo, hakugeuka. Lakini nilipofungua kopo la biskuti kutafuta anwani yako, alikuja akazitoa barua zako zote, zile kumi na nne na hizi za mwaka huu, za uwongo na za kweli pamoja. Amezipanga kwenye mkeka, ukingo kwa ukingo, amejaza mstari mzima. Nilitaka kuzirudisha kwenye kopo, akalia, nikaziacha.

Kwenye mkeka, upande wa ukutani, kuna nafasi ya barua moja imebaki. Ameshikilia hapo kwa kidole tangu mchana. Basi andika, kaka. Ukivuna korosho, ulete mwenyewe.

Mdogo wako,
Zamzam